Joto la Asali na Waifai ya Wageni

Wiki niliyostaafu, wenzangu wa ofisini walinipa kiti cha kupumzikia na ombi moja. Kiti nilikipokea papo hapo. Ombi, kwamba niandike niliyoyaona kazini ili wanaobaki wapate pa kushika, nililiweka kando kwanza, maana fundi wa mitandao akianza kuandika huishia kuchora. Sasa simu yangu imenyamaza na hakuna mteja anayeniuliza kwa nini intaneti yake imelala, kwa hiyo naandika. Ya vyeo na mishahara mtaniwia radhi. Hayo hayamsaidii mtu aliye juu ya ngazi wakati mvua inaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Kwihara, nikasomea Tabora mjini, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya waya za simu. Enzi hizo simu ilikuwa kitu cha nguzo, na nguzo ilihesabiwa kuwa kitu cha wanaume. Siku ya kwanza nilifika nimevaa sketi niliyoipiga pasi vizuri. Aliyenipokea alikuwa Mzee Maganga, fundi mkuu wa kuunga nyaya, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vingeweza kushika waya mwembamba kama nywele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo sketi ndiyo itakayopanda nguzo?"

"Hapana, mzee. Ni mimi nitakayepanda."

Alicheka, akaingia stoo, akatoka na suruali yake ya kazi. Ilinizidi pande zote. Nilijifunga kiunoni kwa kipande cha waya wa simu, nikapanda, nikashuka, na tangu siku hiyo hakuna aliyezungumzia sketi tena. Mama yangu alizungumza sana jioni, lakini yeye hakuwa mwajiri.

Mzee Maganga hakuwa mtu wa mihadhara. Alifundisha kwa kukunyang'anya koleo. Ukikata waya bila kufunga alama kwenye ncha zote mbili, alikunyang'anya. Ukigusa kabla ya kupima, alikunyang'anya. Kosa lililomkasirisha kuliko yote lilikuwa kufungua kisanduku cha simu kabla ya kuzungumza na mwenye kukitumia. "Kaa naye kwanza," alikuwa akiniambia. "Huyo anaisikia simu yake kila siku. Wewe umekuja leo." Nilikuwa naona anapoteza muda. Tungefika nyumba ya mtu, yeye anakunywa uji na kusikiliza habari za ng'ombe na harusi, mimi nimesimama na begi la vifaa begani. Kisha anainuka, anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tatu, na tatizo liko pale.

Nyaya zikaanza kupungua, simu za mkononi zikaja, na mimi nikahamia kwenye kompyuta. Nilijiunga na ofisi yetu ndogo ya mafundi wa mitandao, hii mnayoijua, yenye feni inayopiga kelele kuliko jenereta. Kazi yangu ya kwanza isiyo na waya ilikuwa kurusha mawasiliano kutoka mjini hadi nyumba ya wageni iliyoko upande wa kwetu, Kwihara, ambako watalii hufika kuangalia tembe la zamani. Niliweka antena kiangazi, kila kitu kikawaka, wateja wakapiga makofi. Mvua za kwanza ziliponyesha, mawasiliano yakafa. Nilibadilisha vifaa, nikabadilisha nyaya, nikaisema ovyo kampuni iliyotengeneza antena. Mwisho nikapanda juu na kuangalia kwa macho. Miti iliyokuwa mitupu wakati wa kiangazi ilikuwa imevaa majani. Tangu hapo kila nilipopima njia ya antena niliwauliza wenyeji miti ile huwaje masika.

Kisha waifai ikaingia kila mahali: duka la dawa, hoteli, kiwanda, hata kwa kinyozi. Watu waliipenda kwa kuwa haionekani, na kwa sababu hiyohiyo waliisahau. Mfanyabiashara ambaye hawezi kulala bila kufuli tatu mlangoni unamkuta ameandika nywila ya mtandao wake ukutani kwa rangi ya mafuta. Kesi nitakayowasimulia kwa urefu ilianzia kwenye ukuta wa namna hiyo.

Ni kiwanda cha asali nje kidogo ya mji. Jina silitaji, na mwenyewe nitamwita Bwana Seif. Asali ilimfikia kwa ndoo kutoka Ulyankulu, Urambo na vijiji vya kuelekea Kigwa. Ilipashwa joto kidogo kwenye tangi kubwa ili ilegee, ikachujwa, ikafungashwa. Hilo neno "kidogo" ndilo lililobeba kiwanda kizima. Kwao ilikuwa nyuzi arobaini, ikicheza hapo hapo. Ikipashwa sana, asali inakuwa nyeusi, harufu ya maua inapotea, na mnunuzi wa nje akiipima anaikataa yote.

Bwana Seif hakutuita kwa sababu ya asali. Alitaka waifai ya wageni ifike hadi getini. Nilipowasili asubuhi, nilimkuta dada mmoja kwenye benchi la wageni, amepakata sare ya kiwanda iliyokunjwa vizuri. Akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamsubiri mtu?"

"Nasubiri kufukuzwa."

Alilisema bila kuinua sauti, kama mtu anayekueleza saa ya gari moshi. Nikaweka begi chini, nikaketi. Bosi alikuwa kwenye simu kwa vyovyote vile.

Jina lake Konsolata, kwao Ulyankulu, katika zile familia za wakulima ambazo wazee wao walitoka Burundi. Alikuwa mwangalizi wa tangi la kupashia. Wiki iliyotangulia asali ya tangi zima iliungua akiwa zamu. Na haikuwa asali ya mtu asiyemjua. Ilikuwa ya kikundi cha wafugaji nyuki kinachoongozwa na baba yake, Mzee Leonidas. Msimu mzima wa kijiji chao uliingia kwenye tangi lile ukiwa na rangi ya dhahabu, ukatoka kama lami.

"Baba hapokei simu yangu," alisema. "Mama anasema kanisani watu wanamuuliza kama ni kweli nililala."

"Ulilala?"

"Hapana, mama. Nilikuwa macho. Skrini ilisema arobaini. Nikaenda kuchukua ndoo, nikarudi, arobaini. Nikafuta sakafu, nikaangalia, arobaini. Halafu nikasikia harufu."

"Ya nini?"

"Ya sukari inayoungua. Nikakimbilia swichi ya ukutani, nikazima. Msimamizi akaja akatumbukiza kipimajoto cha mkono, akaruka nyuma. Nikamwambia aangalie skrini, inasema arobaini. Akaangalia, lakini nilikuwa nimeshazima umeme, haikuwa na kitu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Maganga na kikombe chake cha uji. Nikaendelea kukaa.

"Siku za kawaida hiyo namba inakuwaje?"

"Inacheza. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, inarudi."

"Na siku ile?"

Alifikiri. "Siku ile haikucheza. Ilikaa tu."

Namba inayokaa tu kwa muda mrefu juu ya kitu kinachopashwa moto si kipimo. Ni kumbukumbu ya kipimo cha mwisho. Nikamuuliza siku ile kiwandani kulikuwa na nini. Akasema kulikuwa na mkutano wa wafugaji nyuki wote, watu walijaa uwanja hadi kwenye mizani, kila mtu na simu yake. Nikainua macho. Ukutani, juu ya mlango wa kantini, herufi za urefu wa mkono wangu zilitangaza jina la waifai na nywila yake.

Nikatoa kompyuta yangu palepale benchini, nikaingia kwa nywila ya ukutani. Nilitarajia kuona intaneti. Niliona kiwanda kizima. Niliona kompyuta ya mhasibu, kamera za ghala na printa ya ofisini. Nikaona pia kifaa kidogo kilichotumbukizwa ndani ya tangi, kile kinachopima joto na kulituma kwa waifai kwenye kisanduku kinachowasha na kuzima hita. Vyote vilikuwa pamoja, na simu za wageni zilikuwa humohumo. Ili nisianze kubishana kwa maneno, nilituma kwenye printa ya ofisini karatasi moja: "Bwana Seif, niko benchi la wageni. Chai bado."

Haukupita muda akatoka na karatasi mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Mama Neema, hii imetoka wapi?"

"Hapa nilipokaa. Na mgeni yeyote wa benchi hili angeweza kuituma, tena asingeomba chai."

Akaguna. Akaniuliza kuhusu waifai ya getini. Nikamwambia ya getini itasubiri, na nikamwomba asimfukuze Konsolata siku ile.

"Wewe nimekuita kwa waifai, si kwa mambo ya wafanyakazi."

"Ni kweli. Nadhani ni jambo moja. Nipe tangi hadi kesho, mlitie maji badala ya asali."

Alimtazama Konsolata, akatazama ukuta, akatazama karatasi. "Hadi kesho," akasema. Chai ikaja.

Niseme ukweli, usiku ule sikuwa na uhakika. Fundi anayekosea kuhusu ruta anarudi kesho yake kurekebisha. Hapa nilikuwa nimempa mtu tumaini mbele ya mwajiri wake, na kama nimekosea angefukuzwa mara mbili.

Asubuhi tulikutana chumba cha kupashia: Bwana Seif, mimi, Konsolata, na msimamizi wa uzalishaji aitwaye Mihayo, Msukuma mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye ndiye aliyeandika kwamba Konsolata alilala. Maji yalikuwa tangini, hita inawaka. Skrini ilisema thelathini na saba, thelathini na nane, ikicheza. Konsolata alishika kipimajoto cha mkono.

Niliwaeleza kwa kifupi. Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani, kama nyumba. Kipimajoto cha tangi kilipewa anwani yake ya kudumu na mafundi waliofunga mtambo, na kisanduku cha hita kinakwenda kukiuliza pale kila mara. Lakini ruta haikuambiwa kwamba anwani ile ina mwenyewe. Ruta yenyewe hugawa anwani kwa kila simu inayoingia. Siku za kawaida simu ni chache na haifiki huko. Siku ya mkutano, simu zimejaa uwanja, inagawa mpaka inafika.

"Kwa hiyo simu ya mtu ikapewa anwani ya tangi?" Mihayo aliuliza.

"Nadhani hivyo. Tujaribu."

Nikaiwekea simu yangu anwani ya kipimajoto, nikaiunga kwenye waifai. Tukasubiri. Skrini ilikuwa thelathini na nane. Ikabaki thelathini na nane.

"Soma," nikamwambia Konsolata.

"Arobaini na mbili."

Skrini thelathini na nane. Hita ilikuwa inawaka kama kawaida, kwa kuwa kwa hesabu zake maji bado hayajafika.

"Soma."

"Arobaini na saba."

Bwana Seif akasogea kwenye skrini, akaipiga kidogo kwa kidole, kama tunavyofanya wote. Thelathini na nane.

"Hamsini na tatu," alisema Konsolata. "Hamsini na tatu, bosi. Skrini inasema thelathini na nane."

Nikaitoa simu yangu kwenye mtandao. Muda mfupi baadaye skrini iliruka kutoka thelathini na nane hadi hamsini na kitu, na hita ikajizima yenyewe kwa mlio wa tak. Konsolata aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akalia kwa kujifunika uso kwa mikono miwili. Mihayo alivua kofia. Akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Dada, mimi ndiye niliyeandika. Nitaandika upya leo hii."

Bwana Seif alifanya jambo ambalo lilinifanya nimheshimu tangu siku hiyo. Hakutoa hotuba. Alitoa simu yake, akapiga Ulyankulu.

"Mzee Leonidas, shikamoo. Seif wa kiwandani. Mzee, binti yako hakulala. Mtambo wangu ndio uliokuwa na kasoro, na asali yenu ni juu yangu. Ndiyo, mzee. Nimeona kwa macho yangu. Ndiyo, yupo hapa."

Akampa Konsolata simu. Waliongea kwa lugha ya kwao na sikuambulia neno hata moja. Lakini niliona mabega ya yule dada yakishuka polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na mwisho akacheka huku machozi yanatoka. Mimi nilitoka nje kuangalia ukuta wa kantini. Nilihitaji hewa kidogo. Kisha nikaomba brashi na chokaa.

Kufuta nywila ukutani ni kazi ya dakika chache. Kutenganisha mtandao kulichukua siku nyingi zaidi, na hapa ninyi wenzangu wa kazi nisikilizeni.

Niliugawa mtandao mmoja kuwa minne. Wageni wakapata wao, unaokwenda intaneti na si kwingine, na ndani yake simu ya mgeni mmoja haioni simu ya mwenzake. Ofisi ikapata wake, kila mfanyakazi akiingia kwa jina lake mwenyewe. Kamera zikapata wake. Mitambo ikapata wa nne, usiotoka nje kabisa, na ofisi iliruhusiwa kusoma joto lakini si kulibadilisha. Katikati niliweka ruta nzuri yenye ukuta wa ulinzi, na nikaanza kwa kufunga kila njia, kisha nikafungua moja moja kwa sababu ninayoweza kuitaja. Ukianza na njia zote wazi ukisema utafunga baadaye, nawahakikishia hutafunga. Nywila zilizokuja na vifaa kutoka vilikotengenezwa nilizibadilisha zote, na kile kitufe cha kuunganisha simu kwa kubonyeza tu nilikizima.

Kipimajoto cha tangi nilikivutia waya. Tangi halijawahi kuhama tangu lijengwe, sikuona sababu ya kulirushia mawimbi hewani. Halafu nikakaa na kitabu cha maelezo cha kisanduku cha hita, nikakuta humo sehemu inayosema kipimo kisipofika kwa muda fulani, hita izimwe. Waliokifunga waliiacha bila kuiwasha. Niliiwasha. Juu yake Mihayo alifunga kizimio cha joto kisichojua mtandao wala umeme wa skrini, chuma tu kinachotanuka na kukata. Ndicho kifaa nilichokipenda kuliko vyangu vyote.

Msidhani mambo yalinyooka. Siku ya kwanza baada ya kutenganisha, Bi Rehema, mhasibu, alinipigia simu akisema printa imekufa. Haikufa, ilibaki upande wa kamera kwa kuwa waya wake ulikuwa umechomekwa tundu ambalo hakuna aliyeliwekea alama. Nilifuatilia waya ule kwa magoti chini ya meza tatu, na nikamkumbuka mtu wa kunyang'anya koleo. Siku ya pili nikakuta waifai nisiyoifahamu inarusha kutoka ghalani, inaitwa "MIHAYO HOME". Alikuwa ameleta ruta yake kutoka nyumbani na kuichomeka ukutani kwenye mtandao wa ofisi, bila nywila yoyote.

"Mihayo, hiki nini?"

"Mama, ghalani haishiki. Nikasema nisikusumbue."

"Umenisumbua sasa."

Sikumgombeza zaidi. Mtu akitoboa ukuta wako, mara nyingi ni kwa kuwa hukumwekea mlango. Nilimfungia ghalani kifaa cha kurushia waifai ya ofisi, nikayafunga matundu yote ya ukutani yasiyotumika, na ruta yake akarudi nayo nyumbani, ambako naambiwa watoto walishangilia.

Msimu uliofuata mkutano wa wafugaji nyuki ulirudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Bwana Seif aliniomba niwepo. Alisema ni kwa heshima, lakini macho yake yalisema ni kwa hofu. Vikundi vyote vilikuja, na safari hii pia wakaguzi wa mnunuzi wa nje, na kompyuta zao. Tangini kulikuwa na asali ya Ulyankulu. Mzee Leonidas mwenyewe alifika, amevaa koti, mkongojo mkononi, akakaa mstari wa mbele bila kutabasamu.

Saa nne hivi waifai ya wageni ikawa nzito. Baadaye kidogo ikasimama kabisa. Kompyuta ya mkaguzi mmoja ilikuwa na kirusi, ikawa inagonga kila mlango inaoukuta, mfululizo, na mtandao wa wageni ukaelemewa. Watu waliinua simu zao juu kama wanaotafuta mawingu. Bwana Seif alinijia anakaribia kukimbia.

"Mama Neema, imekatika. Imekatika yote!"

"Ya wageni, bwana. Twende tukaone."

Nilisema hivyo kwa utulivu nisiokuwa nao. Tulitembea hadi chumba cha kupashia, na Mzee Leonidas akainuka akatufuata bila kualikwa. Konsolata alikuwa amesimama mbele ya skrini kwa sare yake, kipimajoto cha mkono kimening'inia shingoni. Alisimama hivyo tangu asubuhi.

Skrini ilisema arobaini. Tukaitazama wote wanne. Ikasema thelathini na tisa. Ikarudi arobaini. Arobaini na moja. Hita ikazima, tak. Arobaini.

"Inacheza," alisema Konsolata.

Alitumbukiza kipimajoto chake, akakiinua tukasoma sote. Namba yake na ya skrini zililingana. Mzee Leonidas aliinama juu ya tangi akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Kisha akachovya kidole kwenye kijiko cha asali ambacho binti yake alimpa, akakiweka mdomoni.

"Hii ni ya kwetu," alisema. Akamgeukia binti yake na kumwekea mkono begani, na hakuuondoa hata tulipoanza kutoka.

Bwana Seif aliegemea ukuta akacheka peke yake. Mimi nilirudi uwanjani, nikamtafuta mkaguzi mwenye kompyuta yenye kirusi, nikaitoa kwenye mtandao, na wageni wakaendelea kutumiana picha. Wengi hawakujua kwamba kulikuwa na jambo. Kwa kazi yetu hiyo ndiyo siku nzuri: hakuna anayekuja kukushukuru, kwa kuwa hakuna aliyeona kitu. Nilikula wali wangu, nikala na wa pili.

Nilikihudumia kiwanda kile hadi mwisho, pamoja na wateja wengine ambao mnawajua kwa simu zao za asubuhi. Nilipokaribia kustaafu, nilikwenda kwa kila mmoja nikiwa na Emanueli, anayeshika nafasi yangu, nikamwonyesha kila kifaa kilipo na kwa nini. Kiwanda cha asali nilikiweka cha mwisho. Tulipomaliza, Emanueli alikaa mbele ya kompyuta, jina langu likiwa bado kwenye orodha ya wenye ruhusa ya kuingia kila mahali.

"Hili tuliache, mama," alisema. "Huenda tukakuhitaji."

"Mkinihitaji mtanipigia simu. Nifute."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Mtu aliyeondoka hana kazi na funguo."

Akafuta, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza. Konsolata, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba cha kupashia, alinifungia chupa ya asali kwenye kanga, akanisindikiza hadi nje. Nilipofika getini, fundi ndani yangu alikataa kuondoka bila kupima. Nikatoa simu, nikatafuta waifai ya ofisi, nikaandika jina langu na nywila niliyoitumia kwa miaka. Ikanikataa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, kama wateja wangu walivyokuwa wakifanya. Ikanikataa.

Sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile. Nikaizima simu, nikaitia mkobani, nikamwita bodaboda.

"Wapi, mama?"

"Nyumbani," nikasema. "Wala usikimbize."